Bruegel, punda na sanamu inayoanguka: hivi Biblia ilikuwa kisingizio tu?

Kuna kauli inazunguka sana kila zikitajwa zile picha ndogondogo za mandhari za wachoraji wa Flanders (kaskazini mwa Ubelgiji ya leo) wa karne ya 16, kwamba jamaa walichokuwa wanataka ni kuchora milima na mito yao, sasa ili mteja asilalamike na padre asiulize maswali wanamchomeka Yesu au mtakatifu fulani pale kwenye kona, biashara imeisha. Yaani Biblia ni kisingizio tu. Kwa baadhi ya picha ni kweli, sibishi. Ila inasemwa kirahisi mno, na watu wakishaisema hawaangalii tena. Kwa hiyo nimechukua picha moja tu, "Mandhari na Kukimbilia Misri" ya Pieter Bruegel Mzee, ya mwaka 1563, iko pale Courtauld, jumba la sanaa ndani ya jengo la Somerset House, London, tuone kama kauli yenyewe inasimama. Mi naona haisimami, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kitu chenyewe. Ni ubao wa mwaloni, rangi ya mafuta, kama sentimita 37 kwa 56, yaani mdogo kidogo kuliko karatasi ya A2. Kwa Bruegel huo ni udogo wa makusudi, maana mwaka huohuo wa 1563 alichora Mnara wa Babeli ulioko Vienna, na ule una upana wa zaidi ya mita moja na nusu. Mtu huyohuyo, mwaka huohuo, Biblia ileile, mmoja unausimamia mbali ndo uuone wote na mwingine lazima usogee mpaka mlinzi aanze kukuangalia vibaya. Na ameweka sahihi na mwaka, kwa hiyo mabishano ya nani kaichora hayapo.

Kisa kwenye Biblia ni kifupi sana, Mathayo sura ya 2, mistari michache tu. Malaika anamtokea Yosefu ndotoni, anamwambia inuka, mchukue mtoto na mama yake mkimbilie Misri maana Herode anamtafuta mtoto amuue, Yosefu anaamka usiku uleule anaondoka. Basi. Njiani walipita wapi, walikula nini, walikutana na nani, Mathayo hasemi chochote, na pale ndipo masimulizi ya pembeni yalipojaa kwa karne na karne: mtende ulioinama Maria apate matunda, shamba la ngano lililokua kwa siku moja ili askari wa Herode wadanganyike, na sanamu za miungu ya Misri zilizoporomoka mtoto alipofika. Hilo la sanamu limo kwenye Injili ya kubuni inayoitwa ya Mathayo wa Uongo, inasema zilikuwa 365 kwenye hekalu moja zikaanguka zote, na Wakristo wa zamani waliliunganisha na Isaya 19:1 pale Bwana anapofika Misri juu ya wingu na sanamu za nchi ile zinatikisika. Mchoraji wa mji wa Antwerp, huko huko Flanders, hakuhitaji kusoma vitabu vyote hivyo, hadithi zilikuwa zinajulikana na kila mtu, ziko kwenye madirisha ya makanisa, kwenye vitabu vya sala, kwenye mahubiri.

Sasa hii staili Bruegel hakuianzisha yeye. Mwenye nayo ni Joachim Patinir, mtu wa bonde la mto Meuse upande wa Dinant, kule kwenye majabali yanayosimama wima kando ya maji, na ukiyaona hayo majabali unaelewa miamba yake ya ajabu kaitoa wapi. Aliandikishwa chama cha wachoraji cha Antwerp mwaka 1515, akafa 1524, yaani miaka tisa tu ya kazi inayojulikana pale mjini, na ndani ya hiyo miaka tisa akawa kaubadilisha uchoraji wa Ulaya kaskazini. Dürer, mchoraji maarufu wa Kijerumani, alipokuwa Antwerp alialikwa kwenye harusi yake ya pili, Mei 1521, na kwenye daftari lake la safari akamwita mchoraji mzuri wa mandhari, ndiyo mara ya kwanza tunayoijua mtu kuitwa hivyo kama fani yake. Hakumwita mchoraji wa watakatifu. Alimwita wa mandhari! Hata watu wenyewe wa Patinir wakati mwingine alichora mwingine, kwa mfano ule ubao wa Kishawishi cha Mtakatifu Antonio ulioko Prado, jumba la makumbusho la Madrid, watu ni wa mchoraji mwenzake Quinten Massys, ardhi na mbingu ni ya Patinir.

(Pembeni kidogo: Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, anadai Patinir alikuwa na kawaida ya kuchomeka kwenye mandhari zake kajamaa kamoja kamechuchumaa kanajisaidia, mpaka watu wakampa jina la utani kwa sababu hiyo. Van Mander alipenda umbea kwa hiyo mpe masikio nusu, lakini inakuonyesha wanunuzi walikuwa wanazisoma hizi picha kwa karibu kiasi gani, wanamtafuta kajamaa.)

Patinir ana Kukimbilia Misri yake ndogo kweli, iko jumba la makumbusho la Antwerp, sentimita 17 kwa 21, ukubwa wa nusu ya A4 na kidogo juu, na ameitia sahihi. Ndani ya hicho kiubao kuna miamba, maji, upeo wa mbali wa bluu na familia iliyo ndogo kuliko ukucha. Utaratibu wake wachoraji waliomfuata waliubeba mzimamzima: mbele kahawia, katikati kijani, mbali bluu, na wewe mtazamaji umepandishwa juu kama uko mlimani, ila vitu vyenyewe, miti na nyumba, unaviona kwa ubavu kana kwamba umesimama mbele yake. Kimantiki haiwezekani. Kwa macho inafanya kazi vizuri sana, unapata dunia nzima kwa mkupuo na bado unaweza kuingia kwenye kila kijumba.

Basi Bruegel anaukuta utaratibu huo ukiwa na miaka zaidi ya 40, umeshachoka, kila karakana Antwerp inautoa kwa wingi. Na yeye anaufuata kwa nje: amekuweka juu kwenye kingo ya mlima, chini bonde kubwa limefunguka, mto mpana unalikata, mbali milima inayeyukia kwenye bluu na kijani. Tofauti iko kwenye mambo mawili matatu ambayo ukiyaona huwezi tena kuyaacha.

La kwanza ni nguo ya Maria. Kawaida ya uchoraji wa Kikristo Maria anavaa bluu, ndiyo rangi yake, na rangi ya bluu iliyo nzuri ilikuwa ghali kwa hiyo kumvalisha ilikuwa heshima. Hapa Bruegel kampa nyekundu, nyekundu inayowaka, joho zima. Kwa nini? Jibu langu ni la fundi kabla ya kuwa la padre: bonde lote nyuma ni bluu na kijani baridi, ukimvalisha bluu mtu wa saizi ile atamezwa na milima, hutamuona. Nyekundu pekee yenye nguvu kwenye ubao mzima kabebeshwa mwanamke mmoja juu ya punda, kwa hiyo jicho lako linaruka kwenye milima, linatembea mtoni, halafu linarudi palepale, kila mara. Sasa niambie, mtu anayemtumia Maria kama kisingizio atahangaika hivyo? Kisingizio unakificha. Huyu kapanga rangi za nchi nzima ili kitone kimoja kionekane.

Na ndani ya joho hilo mtoto yumo, kafunikwa, karibu humuoni. Hapo ndo pazuri. Mhusika mkuu wa hadithi, ambaye askari wa mfalme wanamsaka, ndiye aliyefichwa kuliko wote. Yosefu naye yuko mbele anamvuta punda, katupa mgongo, uso wake huuoni. Baba anayemkimbiza mtoto hana muda wa kukugeukia akupe sura ya utakatifu, anaangalia njia inakoelekea, na njia yenyewe ni mteremko. Wachoraji wengi walipenda zaidi kuchora ile mapumziko ya njiani, Maria kakaa chini ya mti ananyonyesha, Yosefu kaenda kutafuta chakula, pametulia, unapata nafasi ya kuchora sura nzuri. Patinir mwenyewe anayo kubwa ya hivyo pale Prado. Bruegel hapa hakupumzisha mtu. Wanatembea.

Ndiyo maana mi hoja ya "wamekuwa wadogo kwa hiyo hawana umuhimu" huwa inanichekesha kwenye picha hii. Wanakimbia! Mkimbizi anataka nini zaidi ya kuwa mdogo, apite bila kuonekana, ardhi iwe kubwa kuliko anayemfuata? Ukubwa wa lile bonde ndio usalama wao na ndio mateso yao pia, maana lazima walivuke lote kwa miguu ya punda mmoja. Kwa hiyo mandhari haijakaa nyuma ya hadithi, mandhari ndiyo safari yenyewe.

Halafu kuna sanamu. Pembeni kwenye gogo la mti kuna kijibanda kidogo cha mbao, na kutoka ndani yake kijisanamu kinaporomoka. Kadogo kabisa, unaweza kuipita picha mara tano usikaone. Hiyo ndiyo ile hadithi ya sanamu za Misri, na Bruegel kaibana yote, zile 365 na hekalu lake na makuhani wake, ikawa kitu kimoja cha mbao kwenye gogo. Kazi yake kwenye hadithi ni kama bango la mpakani: hapa Misri imeanza, Herode hana mamlaka tena, wameshafika au wako mlangoni. Bila kijisanamu kile kinachoanguka ungejuaje kama wako nje ya Bethlehemu au wamebakiza hatua kumi? Mchoraji kakupa mahali na wakati wa tukio kwa kitu cha saizi ya punje.

Lakini angalia kibanda chenyewe. Si nguzo ya Kimisri, si hekalu, ni kile kibanda cha njiani ambacho kila mkulima wa Flanders alikuwa anakijua, wanachokipigilia kwenye mti na kuweka sanamu ya Bikira Maria ndani ili wapita njia wasali. Pale Scherpenheuvel watu walikuwa wanaenda kuhiji kwenye mwaloni uliotundikwa sanamu ya Maria, na mahali penyewe leo pana kanisa kubwa la hija. Kwa hiyo mtu wa 1563 akisogea karibu anaona sanamu ya kipagani ikianguka kutoka kwenye kitu ambacho nyumbani kwake kinakaa Maria, huku Maria mwenyewe anapita pale chini juu ya punda. Inachoma kidogo.

Na mwaka wenyewe sasa. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki wa kujibu Waprotestanti, ulifunga kazi Desemba 1563, na kwenye kikao cha mwisho kabisa ndipo wakapitisha tamko la picha na sanamu takatifu: ziheshimiwe, lakini heshima iende kwa anayewakilishwa na si kwa mti au jiwe, na ushirikina wote uondolewe. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1566, Waprotestanti wenye msimamo mkali walianza kuvunja sanamu makanisani kote Flanders, tarehe 20 wakaingia kanisa kuu la Antwerp na kulichakaza. Hapa watu huwa wanateleza, wanasema Bruegel alitabiri, au alikuwa Mprotestanti wa siri, ushahidi huu hapa. Hapana bwana. Hakuna mtu aliyejua mwaka 1563 kwamba 1566 inakuja, na kuanguka kwa sanamu za Misri kulishachorwa mara nyingi na Wakatoliki safi bila tatizo. Ninachoweza kusema ni kwamba swali la sanamu ipi ni halali na ipi ni mti tu lilikuwa mezani kwa kila mtu mwaka ule, na Bruegel kaliweka pembeni ya njia, kadogo, halafu kanyamaza.

Utamu unazidi ukijua aliyekuwa nayo. Inaaminika ilikuwa mali ya Antoine Perrenot de Granvelle, kadinali, askofu mkuu wa Mechelen, mkono wa kulia wa mfalme Philip wa 2 wa Hispania kwenye nchi zile, mtu aliyechukiwa na wakubwa wa pale mpaka mwaka 1564 ikabidi aondoke. Orodha ya mali za familia yake kule Besançon, ya mwaka 1607, inataja Kukimbilia Misri ya Bruegel. Kwa hiyo mtu wa kanisa wa juu kabisa, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mambo kama yale yaliyopitishwa Trento, alikuwa nayo na wala haikumsumbua. Aliipenda milima au alimpenda Maria? Mi nadhani swali hilo yeye asingelielewa. Mtu wa zama zile mwenye elimu aliona dunia pana iliyochorwa vizuri kuwa yenyewe ni sifa kwa aliyeiumba, hakukuwa na haja ya kugawa huku dini, huku mazingira.

Alizithamini kweli. Mechelen ilipovamiwa na kuporwa na askari wa Hispania Oktoba 1572, msaidizi wake Maximilien Morillon alimwandikia mwezi Desemba kuhusu vitu vilivyopotea, na kuhusu picha za Bruegel akamweleza asitegemee kuzipata tena isipokuwa kwa bei kubwa mno, maana tangu mchoraji afariki zinatafutwa kuliko zamani. Bruegel alikufa 1569. Miaka mitatu tu bei imeshapaa.

Tukirudi kwenye udogo wenyewe, Bruegel hakuwa mgeni wa picha za kuchorwa kwa brashi ya nywele tatu. Alipokuwa Roma, miaka ya 1550 mwanzoni, alifanya kazi na Giulio Clovio, bingwa wa picha za vitabu vya sala wa zama zile, na Clovio alipokufa 1578 orodha ya vitu vyake ilikuwa na Mnara wa Babeli wa Bruegel uliochorwa juu ya pembe ya ndovu, na kijipicha kimoja nusu kachora Clovio nusu Bruegel. Vyote vimepotea, inauma. Halafu mwaka huohuo wa 1563 Bruegel alioa Brussels, binti wa aliyekuwa mwalimu wake Pieter Coecke, na mama mkwe wake ni Mayken Verhulst, mwanamke ambaye mwandishi Guicciardini mwaka 1567 alimtaja kati ya wachoraji wanawake wa kutajika wa nchi zile, naye fani yake ilikuwa hizohizo picha ndogo. Bibi huyu ndiye baadaye, kwa maneno ya Van Mander, aliyemfundisha mjukuu wake Jan kuchora kwa rangi za maji, Bruegel baba yake akiwa ameshakufa. Na Jan Brueghel ndiye aliyeipeleka staili hii mbali zaidi, mandhari na visa vya Biblia juu ya vibamba vya shaba, laini kama kioo, akimtumikia Kadinali Federico Borromeo wa Milano. Tena kadinali! Hawa watu wa kofia nyekundu na vipicha vidogo walikuwa na jambo lao.

Rubens naye, mchoraji maarufu wa Antwerp na rafiki wa Jan, alipofariki 1640 orodha ya mali zake ilikuwa na Kukimbilia Misri ya Bruegel, na wataalamu wengi wanaona ndiyo hii. Baadaye kabisa ikawa ya Count Antoine Seilern, mkusanyaji wa picha, ambaye alipokufa 1978 aliiachia Courtauld pamoja na mkusanyiko wake wote. Na ubaya wa picha ndogo ndo huu: nyingine ya Bruegel kwenye mkusanyiko huohuo, Yesu na mwanamke aliyefumaniwa, ya sentimita 24 kwa 34 tu, iliibiwa 1982 na haikupatikana mpaka 1993. Mnara wa Babeli hakuna wa kuubeba chini ya koti.

Nimesema mwanzo kwamba kwa baadhi ya picha kauli ya kisingizio ni kweli, na haki ni haki, mfano mzuri uko kwa Bruegel huyohuyo. Kwenye mwaka 1555 na 1556 hivi alimchorea mchapishaji Hieronymus Cock wa Antwerp mandhari kubwa za kuchapwa, zinauzwa kama seti, milima ya Alpi aliyoipita akienda na kurudi Italia, ile ambayo Van Mander anasema aliimeza yote na alipofika nyumbani akaitapika kwenye mbao. Moja imeandikwa kichwa cha Kilatini kwamba ni Mama wa Mungu akikimbilia Misri, nyingine ni wanafunzi wa Emau, nyingine Mtakatifu Yeronimo. Pale unaona kabisa mlima ulikuja kwanza. Ufute watu wa Emau, mlima haujali, kichwa cha Kilatini tu ndicho kitakachoonekana kichekesho. Fanya hivyohivyo kwenye ubao wa 1563: toa punda, toa Maria na Yosefu. Sanamu inabaki inaanguka bila aliyeiangusha, na bonde zima lililopakwa baridi ili kumsubiri mwanamke mwenye joho jekundu linakuwa limepakwa hivyo bure.